U Ba Khin, Mhasibu Mkuu aliyefundisha utulivu wa moyo ofisini

Nchini Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, taamuli ya Kibuddha ilihesabiwa kwa karne nyingi kuwa kazi ya watawa. Miongoni mwa walioifikisha kwa watu wa kawaida ni U Ba Khin, mtumishi wa serikali aliyezaliwa Rangoon mwezi Machi 1899, katika familia yenye kipato kidogo.

Shuleni alifaulu vizuri, lakini ufukara ulimkatizia masomo. Alianzia gazetini, kisha akawa karani katika ofisi ya Mhasibu Mkuu, enzi ambapo nafasi nyingi humo zilishikwa na Waingereza na Wahindi.

Mwaka 1937 alielekezwa namna ya kuituliza akili kwa kufuatilia pumzi iingiapo na itokapo puani. Siku chache baadaye aliomba likizo, akavuka mto kumfuata Saya Thetgyi, mkulima wa mpunga aliyefundisha taamuli pasipo kuwa mtawa. Mafunzo hayo hayana muujiza. Mwanafunzi huketi kimya na kuangalia pumzi, halafu maumivu, joto na mwasho mwilini. Havikimbii wala having'ang'anii, kwa kuwa vyote huja na kupita. Kinachoachiliwa ni mshiko wa moyo. Kazi haiachwi, wala U Ba Khin hakuiacha yake, au mke na watoto.

Mwaka 1941, akiwa safarini kukagua hesabu za shirika la reli, alikutana na mtawa mashuhuri Webu Sayadaw, aliyemhimiza aanze kufundisha. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa naibu mkuu wa stesheni, na darasa likawa ndani ya behewa.

Tarehe 4 Januari 1948, siku ya uhuru, aliteuliwa Mhasibu Mkuu. Aliwafundisha watumishi wa ofisi yake, na mwaka 1952 akafungua kituo cha taamuli mjini Rangoon kilichopokea hata wageni. Alistaafu 1953, lakini serikali iliendelea kumkabidhi madaraka, pengine idara tatu kwa wakati mmoja, hadi 1967.

Mwaka 1955 alimjia mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, S. N. Goenka, akitafuta dawa ya kipandauso kilichowashinda madaktari. U Ba Khin alimkatalia: taamuli haikuwekwa kutibu kichwa. Alimpokea pale tu alipokubali kuja kwa ajili ya kuusafisha moyo. Kipandauso nacho kikaondoka.

Shauku yake kubwa ilikuwa kuyarejesha mafunzo haya India, yalikotoka. Ila baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1962, pasipoti ilikuwa adimu, na kwa mtu aliyeufundisha umma kuachilia, huo ulikuwa mtihani wake mwenyewe. Aliyepata ruhusa ni Goenka, aliyeondoka 1969 kwenda kumwona mama yake mgonjwa, na mwaka huohuo akaendesha mafunzo ya kwanza Bombay. U Ba Khin alibaki Rangoon, akafariki dunia tarehe 19 Januari 1971, akiwa na umri wa miaka 71.