Lyndon Johnson: Rais aliyejua thamani ya jina

Katika mtaa wa Gulfton, kusini-magharibi mwa Houston, Texas, Kiswahili si lugha ngeni. Miongoni mwa wakazi wake wamo wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, wanaoishi jirani na watu wa El Salvador na Guatemala. Mgeni wa huko hutambua mapema kwamba jina alilopewa na wazee wake linawashinda wenyeji kulitamka.

Katika mji huo huo aliwahi kufundisha kijana mmoja ambaye sifa yake ya kuwajua watu kwa majina ilizaa visa vingi.

Lyndon Baines Johnson alizaliwa tarehe 27 Agosti 1908 karibu na Stonewall, Texas. Baba yake alikuwa mwanasiasa aliyelemewa na madeni. Mwaka 1928 Johnson alifundisha Cotulla, kwenye shule ya watoto maskini wenye asili ya Mexico. Mwaka 1930 akahamia Sam Houston High School, mjini Houston, kufundisha midahalo. Wanafunzi wake walifika fainali ya jimbo, wakashindwa kwa kura moja. Mwishoni mwa 1931 alikwenda Washington kuwa katibu wa mbunge Richard Kleberg.

Hapo ndipo visa vinapoanza. Inasimuliwa kwamba alipofikia hoteli ya Dodge, walikopanga makatibu wengi wa wabunge, alioga mara nne usiku mmoja, na asubuhi akapiga mswaki mara tano, ili tu akutane na watu kwenye bafu la pamoja na kuwafahamu.

Visa vya namna hii ni vya kale. Pliny wa Roma aliandika kwamba mfalme Cyrus wa Uajemi alijua jina la kila askari wa jeshi lake; nani angeweza kulihakikisha hilo? Johnson mwenyewe hakuwa mchoyo wa chumvi: aliwahi kudai kwamba babu yake mmoja aliuawa katika mapigano ya Alamo, jambo ambalo halikuwa kweli.

Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1937. Mwaka 1948 aligombea Seneti na kushinda uteuzi wa chama chake kwa kura 87. Katika mji wa Alice, siku sita baada ya uchaguzi, orodha ya kituo kimoja iliongezewa majina yapatayo 200. Walioiona walisema majina hayo yalifuatana kialfabeti, kwa wino mmoja. Baadhi ya waliotajwa walisema hawakupiga kura. Mwaka 1977 msimamizi wa kituo hicho, Luis Salas, alikiri kwamba udanganyifu ulifanyika.

Johnson alishika urais tarehe 22 Novemba 1963, baada ya kuuawa kwa John F. Kennedy. Machi 1965, akitetea haki ya watu weusi kupiga kura, aliwakumbuka mbele ya Bunge watoto wa Cotulla waliokwenda shuleni na njaa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, chini ya Sanamu ya Uhuru, alitia saini sheria iliyofuta utaratibu wa kuwapendelea wahamiaji wa Ulaya ya kaskazini na magharibi. Alisema haikuwa sheria ya kimapinduzi. Hapo alikosea.

Majengo ya Gulfton yalijengwa kwa ajili ya vijana waliovutiwa na neema ya mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka katika miaka ya 1980, wapangaji hao waliondoka, wahamiaji wakachukua nafasi zao. Wakimbizi wa Afrika walikuja baadaye, kwa sheria nyingine ya mwaka 1980.

Lakini Johnson ana deni la majina mengine. Alipanua vita vya Vietnam, na mwaka 1968 akatangaza kuwa hatagombea tena. Majina ya Wamarekani zaidi ya 58,000 waliopotea katika vita hivyo yamechongwa kwenye ukuta mjini Washington. Wavietnam waliokufa walikuwa wengi zaidi, na ukuta huo hauwataji.

Johnson alifariki dunia tarehe 22 Januari 1973, akiwa na umri wa miaka 64. Mwaka huo huo kituo cha safari za anga cha Houston kilipewa jina lake. Mtoto wa Kikongo anayekulia Gulfton atalisoma jina hilo shuleni na kulitamka bila shida. Jina lake yeye bado linasubiri mwalimu wa kulijifunza.