Gerardus Mercator: Mchonga Ramani ya Dunia

Gerardus Mercator alizaliwa tarehe 5 Machi 1512 mjini Rupelmonde, katika eneo la Flanders ambalo leo limo nchini Ubelgiji. Babake alikuwa mshona viatu, na lau si jamaa yake mmoja kasisi aliyemgharimia masomo, huenda naye angeishia katika kazi hiyo. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Leuven mwaka wa 1530, alilifasiri jina la ukoo wake, Kremer, lenye maana ya mchuuzi, kwa Kilatini, kama ilivyokuwa ada ya wasomi wa enzi hiyo.

Huko Leuven alijifunza hisabati kwa Gemma Frisius na uchongaji kwa mhunzi Gaspar van der Heyden. Kazi hiyo ilidai subira. Kila mstari na kila herufi vilichongwa kinyume juu ya bamba la shaba, wino ukajazwa katika michoro, kisha bamba likagandamizwa kwenye karatasi iliyoloweshwa. Mercator alikuwa bingwa wa herufi za mlazo, hata mwaka wa 1540 akachapisha kijitabu kuzihusu.

Mnamo 1544 alikamatwa kwa tuhuma za uzushi wa kidini, akafungwa kwa takriban miezi saba katika ngome ya mji ule ule aliozaliwa. Baadhi ya walioshtakiwa pamoja naye waliuawa. Yeye aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi, na mwaka wa 1552 akahamia Duisburg, Ujerumani.

Ni huko alikotoa ramani yake kuu ya mwaka wa 1569, iliyochapishwa kwa karatasi 18. Dunia ni tufe, ilhali karatasi ni bapa. Mercator aliizidisha nafasi baina ya mistari ya latitudo kadiri inavyokaribia ncha za dunia, ili nahodha anayefuata mwelekeo mmoja wa dira aweze kuuchora kwa mstari ulionyooka. Gharama yake ilikuwa ukubwa wa nchi: Greenland huonekana kulingana na Afrika, ingawa Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14.

Mercator alifariki tarehe 2 Desemba 1594. Mwaka uliofuata mwanawe, Rumold, alichapisha mkusanyiko wa ramani za babake kwa jina la Atlas, jina ambalo Kiswahili nacho kimelipokea kama atlasi.

Kichwa cha ramani ya 1569 kilitamka wazi kwamba ilikusudiwa mabaharia. Vizazi vilivyofuata ndivyo vilivyoitundika madarasani, wanafunzi wa Afrika wakaliona bara lao likiwa limedunishwa. Mwaka wa 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kutaka ramani hiyo ibadilishwe kwa nyingine inayozingatia ukubwa halisi wa mabara. Dai hilo halimwondolei Mercator sifa yake. Linairejesha ramani yake baharini, ilikokusudiwa kutumika.