Honus Wagner: Jamaa aliyegoma picha yake kutiwa kwenye sigara

Wadau, leo nawaletea Honus Wagner, mkali wa besiboli wa Marekani, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Kazaliwa 1874 Pennsylvania, wazazi wahamiaji kutoka Ujerumani, na utotoni kapiga mzigo kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Baadaye akaichezea Pittsburgh Pirates, na mwaka 1909 wakabeba ubingwa mbele ya Detroit ya Ty Cobb.

Mwaka huohuo kampuni ya tumbaku ikaanza kutia kadi za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Seti yake, T206, ina kadi zaidi ya 500. Wagner akagoma. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue sigara kisa picha yake, wengine wanadai alitaka alipwe. Mimi naamini la kwanza, ingawa mwenyewe tumbaku alikuwa anatafuna!

Kadi zake zilizokwisha kutoka ni chache mno. Basi wakusanyaji wanahangaika miaka na miaka, wanazipata zingine, yake ndo inawatoa jasho.

Kafariki 1955. Mwaka 2022 kadi yake moja tu iliuzwa dola milioni 7.25, na urefu wake haufiki hata sentimita 7.