Albert Namatjira, Mchoraji wa Jangwani

Katikati ya Australia ni nchi kavu, yenye udongo mwekundu, na miti ambayo magome yake ni meupe kama chokaa. Huko, katika misheni ya Walutheri iitwayo Hermannsburg, alizaliwa Elea mwaka 1902, mtoto wa kabila la Waarrernte. Alipobatizwa aliitwa Albert.

Alijifunza useremala, kufua chuma na kuongoza ngamia. Mwaka 1934 Wazungu wawili walionyesha picha zao pale misheni. Albert alitazama, akatamani kuchora. Mwaka 1936 alimwongoza mmoja wao, Rex Battarbee, kwa ngamia. Battarbee akamfundisha kutumia rangi za maji, na Albert akamwonyesha nchi ya wazee wake. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa nani hapo, si rahisi kusema! Mwaka 1938 picha zake 41 zilitundikwa Melbourne, zote zikanunuliwa.

Basi fedha zikaja. Lakini desturi ya Waarrernte ni kugawana, na Albert hakumnyima ndugu. Alilisha watu wengi sana, akawafundisha wanawe na jamaa zake kuchora. Serikali ilimtoza kodi; alipoomba ardhi ya kulisha ng'ombe, alinyimwa, na alipotaka kujenga nyumba mjini Alice Springs, alikatazwa, kwa sababu ni mwenyeji. Wakati ule wenyeji walihesabiwa kama watoto walio chini ya ulinzi. Hata hivyo mwaka 1954 alipelekwa Canberra kusalimiana na Malkia Elizabeth.

Mwaka 1957 yeye na mkewe Rubina walipewa haki za raia. Watoto wao hawakupewa. Sasa Albert aliruhusiwa kununua pombe, lakini akimpa ndugu yake, ni kosa. Angewezaje kunywa peke yake, na ndugu wameketi naye motoni? Mwaka 1958 alishtakiwa kwa jambo hilo, akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Alipokata rufani kikawa mitatu, akatumikia kama miwili hivi huko Papunya. Alitoka akiwa mtu mwingine, hana tena hamu ya kuchora. Alikufa tarehe 8 Agosti 1959.

Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyosimamia urithi wake iliuza haki ya kuchapisha picha zake. Jamaa zake waliidai miaka mingi, wakarudishiwa mwaka 2017.