Edward Steere, Shemasi Aliyekuwa Askofu

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, tumeona vema kutenga nafasi kwa mtu ambaye hakulima shamba Handeni wala hakupima gunia la mahindi Korogwe, lakini kazi yake twaitumia kila siku. Kila karani aandikapo risiti, na kila katibu asomapo taarifa ya mkutano kwa Kiswahili, anachuma tunda la mti uliopaliliwa na wengi, na mmoja wao ni Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, baba yake akiwa mwanasheria. Naye akasomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya cheo na mali ilikuwa wazi mbele yake. Hata hivyo moyo wake haukutulia. Alivutwa na kazi ya kuwahudumia maskini, na mwaka 1856 akaiacha sheria, akapewa daraja ya ushemasi.

Yafaa tueleze kidogo neno hili, kwa kuwa wanachama wetu ni wa dini mbalimbali. Shemasi, kwa asili ya jina lenyewe katika Kiyunani, ni mtumishi. Kazi yake ni kumsaidia kasisi, kuwatazama wagonjwa na wahitaji, na kufundisha. Ni daraja ya chini, na ndiyo mlango wa madaraja mengine. Steere aliingia kwa mlango huo, akatumika katika vijiji vya wakulima wa Uingereza, na hata alipokwisha kuwa mkubwa hakuona haya kushika kazi ya mikono.

Rafiki yake Tozer alipofanywa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, Steere alifuatana naye. Baada ya kujaribu na kushindwa upande wa mto Shire, walifika Unguja tarehe 31 Agosti 1864. Muda si mrefu Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao aliitwa Swedi. Tutarudi kwake.

Steere alitambua mapema kwamba mgeni asiyejua lugha ni kama kiziwi sokoni. Akaketi kujifunza kwa wenyeji. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyepata kuwa kadhi. Hapo mtu wa Injili na mtu wa Kurani walishirikiana katika kazi ya lugha, bila mmoja wao kuiacha imani yake. Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili na kingine cha hadithi za Unguja. Mtambo wa kupigia chapa uliwekwa, na vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi na kuchapa. Sisi wa mkoa wa Tanga tukumbuke pia kwamba mapema, mwaka 1867, alikuwa amekwisha kuchapa kijitabu cha lugha ya Kishambaa.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale palipouzwa watu, misheni ikapata kiwanja, na sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere mwenyewe alichora ramani na kusimamia waashi, akijaribu michanganyiko ya saruji na mawe ya matumbawe. Wengi walidhani paa lile pana la mawe litaanguka. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya 1879, na paa halikuanguka.

Mwaka 1874 alifanywa Askofu. Mwaka uliofuata alimweka Padre Farler huko Magila, karibu na Muheza, mahali ambapo kazi ya misheni ilianza na kukatika mara kadhaa kwa ugonjwa na vifo. Safari hii ilishika mizizi, na kutoka huko baadaye ikaenea hata Korogwe na Handeni, pamoja na shule na zahanati zake. Mwaka 1876 aliongoza watu waliokombolewa utumwani kurudi bara. Nia ilikuwa kusogea zaidi kuelekea Nyasa, lakini watu waliipenda nchi ya Masasi, naye akakubali wakae hapo. Kiongozi asiyewasikiliza anaowaongoza hufika peke yake.

Sasa turudi kwa Swedi. Steere aliona kwamba kanisa likitegemea wageni daima, litakufa pamoja nao, kwani homa ilikuwa ikiwamaliza. Hapana budi wenyeji washike kazi. Walikuwapo waliosema ni mapema mno. Lakini tarehe 8 Juni 1879 alimpa John Swedi daraja ya ushemasi, daraja ileile aliyoanza nayo yeye. Mtoto aliyetolewa jahazini kama bidhaa akasimama mbele ya watu kuwa mtumishi wao kwa hiari yake. Baada yake Cecil Majaliwa akawa shemasi mwaka 1886, na kasisi mwaka 1890.

Steere hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Kazi yake ya lugha iliendelezwa na wengine, na Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928.

Ndugu wanachama, hatukuyaandika haya ili kumsifu mtu wa kanisa katika kitabu cha ushirika. Ushirika nao una mashemasi wake: mpima mizani, mtunza ghala, karani wa chama cha msingi. Hawakai meza kuu siku ya sherehe, lakini mizani ikipinda mikononi mwao, chama kizima kimepinda. Nao viongozi wetu wajiulize ni vijana wangapi wa vijijini mwetu wamefundishwa hesabu na kukabidhiwa madaftari, ili kazi isikatike wenye kuishika watakapoondoka. Tukiwa na jibu zuri la swali hilo, tutaandika bila hofu kijitabu cha miaka 20.