Bibi Salme: kutoka Mtoni hadi Hamburg

Katika jumba la Bet il Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, sheria ya lugha ilikuwa moja: mbele ya Sultani kinasemwa Kiarabu tu. Sultani akishaondoka, jumba linageuka soko. Masuria wa Kicherkesi wanasema chao, Waajemi chao, Wahabeshi na Wanubi vyao, Kituruki kinasikika upande mwingine, na Kiswahili kinapita katikati ya zote. Sisi tuliokaa darasani kusoma isimujamii tungetamani kuketi katika ua ule na daftari, walau kwa siku moja.

Mmoja wa watoto wa ua huo alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844, akaitwa Salme. Baba yake alikuwa Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Pwani humwita Bibi Salme. Kwetu Kongo neno bibi ni mke wa mtu, kwa hiyo msomaji wa Beni au Butembo anaweza kuuliza: mke wa nani? Ajue kwamba huko neno hilo ni heshima ya mwanamke wa daraja. Ila swali lake si la kupuuzwa, kwa maana ndilo lililomtoa Salme kwao.

Nimechagua maisha yake kwa toleo hili kwa sababu wengi wetu tunamjua kama hadithi ya mapenzi: binti wa mfalme aliyetoroka na mfanyabiashara Mjerumani. Hadithi hiyo ni kweli, lakini ilichukua miezi michache. Miaka iliyobaki, zaidi ya 50, ilikuwa ya mwanamke anayedai kilicho chake kwa kalamu, katika lugha za watu wengine.

Kalamu yenyewe aliipata kwa kuiba. Watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, hawakufundishwa kuandika. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa shule, akaanza kuiga herufi za msahafu moja moja, kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Alipogundulika walimsema sana. Baadaye aibu ile ikawa faida, hata kwa waliomsema.

Akiwa bado mtoto alihama na mama yake kwenda kukaa kwa kaka yake Majid katika nyumba iliyoitwa Bet il Watoro. Jina hilo ni mfano mzuri kwa darasa: nyumba ya Kiarabu, kiambishi cha Kiarabu, kisha watoro wa Kiswahili kwa wingi wake kamili, na hakuna aliyeshangaa. Mwaka 1856 Sultani Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Salme, mwenye miaka 12, alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa shamba lenye nyumba, na fedha. Miaka mitatu baadaye mama yake naye akafa, akamwachia mashamba matatu. Basi kabla ya kutimiza miaka 16 alikuwa yatima, tajiri, na anajua kuandika. Mambo hayo matatu kwa pamoja yalikuwa hatari.

Ufalme uligawanyika: Thuwaini akashika Muscat, Majid akashika Zanzibar. Ndugu yao Barghash hakuridhika, na mwaka 1859 aliinuka dhidi ya Majid. Salme alivutwa na dada yake Khole kuingia upande wa Barghash, ingawa Majid ndiye aliyemlea. Wanaume wa njama ile walihitaji karani ambaye hangeshukiwa, na hapo mfupa wa ngamia ukafanya kazi yake. Barua za kuomba risasi, baruti na bunduki ziliandikwa na msichana wa miaka 15. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa usiku akiwa amevaa mavazi ya kike. Haikusaidia. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukavunjwa, Barghash akapelekwa Bombay. Salme hakuadhibiwa, lakini alijitenga shambani, na baadaye, alipopatana na Majid, Khole na Barghash wakamhesabu msaliti. Hakuwa tena na upande uliomwamini kabisa.

Aliporudi mjini alikaa jirani na Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg aliyekuwa wakala wa kampuni ya Hansing. Akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, Mwislamu, mimba ya Mkristo lilikuwa jambo la kufa. Usiku mmoja wa Agosti 1866 aliingia katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba, akamsubiri Heinrich amalize shughuli zake Unguja, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Wakasafiri kwenda Ujerumani. Mtoto alikufa kabla hawajaanza maisha mapya.

Hamburg alifika bila neno la Kijerumani. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili, na hapa nataka msomaji asimame kidogo. Katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Ulaya ya Kaskazini, mwaka 1867, lugha ya mume na mke ilikuwa Kiswahili. Alizaa watoto watatu mfululizo: Antonie, Rudolph na Rosalie. Kisha, Agosti 1870, Heinrich alianguka kwenye tramu ya kukokotwa na farasi, akaumia vibaya, akafa baada ya siku chache. Salme alikuwa na miaka 25, mwaka mmoja tu kunizidi mimi ninayeandika. Mtoto wa mwisho hakuwa ametimiza miezi minne. Na mtu pekee wa kusema naye Kiswahili nyumbani alikuwa amezikwa.

Mwaka ule ule Majid naye alifariki na Barghash akawa Sultani. Salme alihama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali ambapo maisha ni rahisi, akiuza vitu vyake na kufundisha Kiarabu. Urithi wake Unguja ulikuwa umezuiwa, kwa hoja kwamba aliyeritadi harithi Waislamu.

Mwaka 1875 Barghash alikwenda London kwa ziara rasmi. Salme akajifunza Kiingereza haraka haraka, akavuka bahari kumtafuta ndugu yake. Waingereza hawakutaka Sultani asumbuliwe: miaka miwili nyuma walikuwa wamemfanya afunge soko la watumwa, na bado walimhitaji. Sir Bartle Frere, mjumbe wao katika jambo hilo la 1873, alimpa Salme uchaguzi: aache kumwona Barghash, na watoto wake wataangaliwa. Akaacha. Barghash aliporudi kwake, Salme aliarifiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo Uingereza haina wajibu naye. Nimesoma masimulizi mengi ya hila za kikoloni, ila hii inanikera kuliko nyingi, labda kwa sababu ni ndogo na ilifanywa kwa adabu.

Wajerumani nao walikuwa na zamu yao. Mwaka 1885 Carl Peters alikuwa amerudi na mikataba ya maeneo ya bara, Usagara na kwingineko, na Barghash alikuwa akilalamika. Bismarck akatuma manowari hadi mbele ya kasri, mizinga ikielekezwa mjini. Ndani ya meli moja, Adler, alikuwamo Salme na watoto wake. Hesabu ilikuwa nyepesi: dada wa Sultani, raia wa Ujerumani, anadai urithi, ndugu yake akimdhuru, kuna sababu ya vita. Hakumdhuru. Alimpuuza tu. Watu wa mjini walimfuata njiani na kumsalimu, akaona Bet il Mtoni ikiwa gofu, lakini mlango wa Barghash haukufunguka. Barghash alipokubali matakwa ya Ujerumani, madai ya dada yake hayakuwa na kazi tena. Alirudi Ulaya, na mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, akajaribu tena kwa mrithi wake, bila mafanikio. Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Zanzibar na yenyewe ikapata kisiwa cha Heligoland. Kesi ya Salme ikaisha hapo, bila hakimu.

Naandika haya nikiwa Oicha. Tangu mauaji yaanze upande huu wa Beni mwaka 2014, familia nyingi zimeacha mashamba ya kakao na kukaa mjini katika vyumba vya kupanga au kwa ndugu. Anayedai shamba akiwa mbali nalo huonekana msumbufu hata kwa wanaomhurumia, na wapo wanaoyachukua madai yake kwa faida zao. Ndiyo maana sehemu hii ya maisha ya Salme naisoma polepole. Sisemi kwamba binti wa Sultani ni sawa na mkulima wa Eringeti. Mashamba yake hakuyalima yeye.

Na hapo ndipo huruma yangu inapopata mpaka. Mikarafuu ya mashamba yale ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na baadhi yao walitoka bara, katika njia zile zile za pembe za ndovu zilizofika Manyema na Kasongo wakati wa Tippu Tip, na baadaye kuingia msitu wa Ituri, ambako Stanley alikuta kambi za Wamanyema mwaka 1887. Kiswahili tunachokisoma katika kitivo hiki kilifika kwetu kwa njia hizo. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, Salme aliandika sura nzima juu ya utumwa na kuutetea. Alisema utumwa wa Mashariki si kama wa Marekani, na aliwahesabu Waafrika kuwa wavivu wasiofanya kazi bila kulazimishwa. Mtu aliyekwisha kuonja dharau ya Ulaya juu ya ngozi yake aliandika hayo. Mwaka 2019 mji wa Hamburg ulikipa kiwanja kimoja jina lake; mwaka 2020 jina hilo likaondolewa kwa sababu ya maneno hayo. Wapo wenzangu wanaoona hukumu hiyo imezidi. Mimi naona ni haki, na bado nashauri kitabu kisomwe, kwa sababu hatuna kingine cha mwanamke wa jumba lile. Wanawake waliopika, kubeba maji na kuchuma karafuu hawakupata hata mfupa wa kuigia herufi.

Dibaji ya kitabu hicho inasema aliandika kwa ajili ya watoto wake, ambao walijua tu kwamba mama yao ni Mwarabu wa Zanzibar. Walijifunza habari zake kwa Kijerumani, na kila mmoja akaenda na kipande chake. Antonie aliolewa na gavana wa Kijerumani wa Visiwa vya Marshall, akaandika kitabu cha mapishi kwa wake wa wakoloni. Rudolph alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani, kisha akajiita Said-Ruete na kuandika maisha ya babu yake, mwaka 1929. Salme mwenyewe aliondoka Ujerumani baada ya safari ya 1888, akakaa Jaffa, kisha Beirut kuanzia 1892 mpaka 1914, mahali ambapo aliweza kusikia Kiarabu barabarani. Vita vikamrudisha Ujerumani. Mwaka mmoja hivi kabla ya kufa, Sultani Khalifa bin Harub alimpangia posho ndogo. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924 kwa nimonia, akazikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, karibu na mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja.

Zilikutwa pia karatasi zilizochapishwa baadaye, kwa Kiingereza mwaka 1993, kama barua za kwenda nyumbani. Zinaanzia alipoachia kitabu: baridi, lugha ngeni, kifo cha Heinrich, fedha kuisha, imani mpya isiyomwingia moyoni. Zimeandikwa kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, ambaye hakumtaja jina, na hazikuwahi kupelekwa posta. Aliziandika kwa Kijerumani.