KEITA FODÉBA: ALIIPELEKA NGOMA BROADWAY, AKAISHIA JELA ALIYOIJENGA

Leo tuachane kidogo na siasa za hapa nyumbani na matokeo ya mpira. Nataka niwape stori ya mzee mmoja wa Guinea, wa Conakry huko, ambaye wengi wetu hatumjui kwa jina lakini staili yake tunaiona kila kukiwa na sherehe ya taifa na vikundi vya ngoma vimepangwa mbele ya jukwaa kuu.

Mimi mwenyewe nilimjua kwa bahati tu. Nilipomaliza kidato cha nne, wakati nasubiri matokeo, nilijiunga na kikundi cha ngoma mtaani kwetu. Tulikuwa tunacheza sindimba, mdundiko, na bugobogobo ya Wasukuma, ile ya kurusha majembe. Sasa mpiga ngoma wetu alikuwa na ngoma moja nyembamba chini, pana juu, ya kupiga kwa viganja, anaiita jembe. Basi akisema lete jembe, mmoja anakuja na ngoma, mwingine anakuja na jembe la kulimia. Vurugu tupu. Siku moja nikaingia kafe, nikalipia nusu saa, nikaandika hilo neno nione limetoka wapi. Nusu saa ikawa saa mbili, nauli ikaishia pale, nikarudi nyumbani kwa mguu.

Kumbe inaandikwa djembe, na ni ngoma ya Wamandinka wa Afrika Magharibi. Na ukiuliza imefikaje Ulaya, Marekani, Japani, mpaka kwetu huku pwani, unakutana na jina moja tu mwanzoni kabisa: Keita Fodéba.

Jamaa alizaliwa mwaka 1921 Siguiri, kaskazini ya Guinea, enzi hizo nchi iko chini ya Mfaransa. Akasoma William Ponty, shule ya Senegal iliyokuwa inatoa walimu na makarani wa makoloni yote ya Ufaransa upande ule. Marais na mawaziri kibao wa Afrika Magharibi walipita pale. Shule ile ilikuwa na kitu kimoja kizuri: wanafunzi wakienda likizo walitakiwa warudi na hadithi na mila za kwao, halafu wanazifanya mchezo wa jukwaani. Yaani ngoma ya kijijini inaletwa mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Kwa maoni yangu kila kitu alichokuja kufanya baadaye kilianzia hapo.

Akawa mwalimu. Mwaka 1948 akaenda Paris kusoma sheria, lakini muziki ukamshinda nguvu. Akiwa na mwenzake mpiga gitaa, Kanté Facelli, akaanza kukusanya vijana wa Kiafrika waliokuwa pale Paris, na mwaka 1952 likasimama kundi la Les Ballets Africains. Hakuchukua kabila lake peke yake. Msenegali alijifunza kucheza ya Guinea, wa msituni akajifunza ya savana. Leo tunaona kawaida, Mhaya anacheza sindimba na hakuna anayeshangaa, lakini wakati ule ilikuwa mpya kabisa.

Hapa ngoja niwaeleze kidogo alichobadilisha, maana ndio pointi yenyewe. Kijijini ngoma ni duara. Hakuna mtazamaji wa kweli, wote ni wachezaji, anayechoka anatoka, mwingine anaingia, na inaweza kwenda mpaka alfajiri. Halafu ina sababu yake: mavuno, jando, harusi. Kuna ngoma moja ya wanaume wa Guinea, dununba, ambayo wenye nguvu walikuwa wanachapana viboko humo humo ndani ya mchezo kuonyesha nani mkubwa wa rika. Sasa yeye akalifungua lile duara, akawageuza wachezaji wamtazame aliyelipa kiingilio. Ya usiku kucha ikawa ya dakika chache. Djembe ambayo kijijini ilikuwa moja au mbili na ngoma kubwa za dunun pembeni, jukwaani zikawa kundi zima zinapiga kwa pamoja. Waliopenda walipenda, na wapo waliosema ameua roho ya ngoma. Mimi nimecheza kwa namna zote mbili. Kwenye msiba wa bibi yangu tulicheza kwenye duara. Kwenye hoteli moja ya kitalii tulipewa dakika kumi na mbili, tukaambiwa tutabasamu, na mwisho tukalipwa nusu ya tulichoahidiwa. Kwa hiyo malalamiko ya wazee nayaelewa. Lakini bila zile dakika kumi na mbili nisingejifunza bugobogobo, maana kwetu sio Usukumani.

Pia aliandika mashairi, na haya yalimletea balaa. Moja, Aube africaine, linamhusu mkulima Naman aliyepelekwa kuipigania Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, akapona vita yote, halafu akauawa Thiaroye. Wale wa historia mnaikumbuka Thiaroye, karibu na Dakar, 1 Desemba 1944: jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake lenyewe, Waafrika waliotoka kwenye kambi za mateka Ujerumani, kisa walidai malimbikizo yao. Wakoloni wakapiga marufuku kazi zake kwenye makoloni yao ya Afrika Magharibi. Frantz Fanon alilichambua shairi hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1961, kile wasomi wetu hawaishi kukitaja.

Baadaye akarudi nyumbani na kuingia kwenye siasa na Sékou Touré. Mwaka 1957, bado koloni, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tarehe 28 Septemba 1958 Ufaransa ikawapigisha kura makoloni yake ya Afrika: mnabaki na sisi au mnaondoka? Guinea peke yake ndiyo iliyosema tunaondoka. Uhuru tarehe 2 Oktoba. Wafaransa kwa hasira wakaondoka na mafaili na vifaa vyao. Nchi haina hela, haina wataalamu, lakini ina kitu ambacho Mfaransa hawezi kukifungasha kwenye boksi: wachezaji.

Ndipo Les Ballets Africains ikawa kundi la taifa. Mwaka 1959 walitua New York, Broadway kabisa. Ndani ya nchi kila mtaa na kila wilaya ikawa na kundi lake, wanashindana, wazuri wanapanda ngazi mpaka taifa. Ndivyo alivyopatikana Mamady Keïta, mtoto wa kijijini aliyechukuliwa kwenye kundi la Ballet Djoliba mwaka 1964 akiwa na miaka 14. Wakubwa wa Afrika walikuwa wanaitazama Guinea: Tanzania ilianzisha kundi lake la taifa la ngoma miaka hiyo hiyo ya 60, na Kenya ikajenga Bomas mwaka 1971.

Wimbo wa taifa nao ni mkono wa Fodéba. Aliutengeneza kutoka kwenye wimbo wa zamani wa kumsifu Alfa Yaya, mfalme wa Labé ambaye Wafaransa walimkamata wakampeleka uhamishoni mpaka akafia huko mwaka 1912. Hili jina Labé msilisahau, linarudi.

Sasa ndugu zangu, ningeishia hapa mngefurahi. Lakini siwezi kuwadanganya.

Serikali hiyo hiyo iliyokuwa inapeleka vinyago Paris na New York, ndani ya nchi ilikuwa inaendesha kampeni ya kuchoma vinyago na kuvunja jando za watu wa msituni, eti ni ushamba. Jukwaani sawa, kijijini marufuku. Mwaka 1961 viongozi wa walimu waliokuwa wanadai maslahi yao wakakamatwa. Na nani alikuwa ameshika ulinzi na usalama wakati huo? Fodéba. Mwalimu wa zamani! Mtu aliyewalilia askari wa Thiaroye waliodai haki yao! Nilipofika hapo nilisimamisha kusoma, nikatoka nje ya kafe kununua maji. Sikutaka kuamini.

Chini yake ndipo lilipojengwa gereza ndani ya kambi ya Conakry iliyokuja kuitwa Camp Boiro. Watu waliingizwa humo bila kesi, na wengine waliuawa kwa kunyimwa chakula na maji mpaka wakate roho. Humo ndimo alimofia Diallo Telli, katibu mkuu wa kwanza wa OAU, mwaka 1977.

Fodéba hakuiona hiyo ya Telli, maana zamu yake ilikuja mapema. Mwaka 1965 alishaondolewa kwenye ulinzi, akapewa mambo ya kilimo. Machi 1969 wakatangaza kuwa kuna njama ya wanajeshi, na njama yenyewe ikaitwa ya Labé. Akakamatwa. Akawekwa Boiro. Tarehe 27 Mei 1969 akapigwa risasi, ana miaka 48.

Kijiweni tumebishana sana juu yake. Mmoja wetu anasema afutwe kabisa, mtu wa jela hana cha kutufundisha kwenye ngoma. Mimi nasema hapana, lakini pia sikubali wale wanaomwandika kama malaika wa utamaduni na kuruka miaka yote ya uwaziri. Aliyemfunga mwalimu na aliyemfundisha mtoto kucheza ni mtu mmoja.

Sékou Touré alifariki Machi 1984, jeshi likachukua nchi siku chache baadaye, Boiro ikafunguliwa. Hela ya makundi ya serikali ilipokauka, wapigaji wakatawanyika. Mamady Keïta alihamia Ubelgiji, akafungua shule, akafundisha Wazungu na Wajapani mpaka alipofariki mwaka 2021. Ladji Camara, aliyekuwa na Fodéba toka miaka ya 50, alibaki Marekani, akawafundisha Wamarekani weusi. Wanafunzi wao leo wanapanda ndege kwenda Conakry kujifunza uani kwa watu, kwenye duara.

Na ule wimbo wa Alfa Yaya haukubadilishwa. Syli National wakiingia uwanjani, wachezaji wakisimama mstari, unaopigwa ni ule ule wa Fodéba.

Nawasilisha.